Kitambulisho kimenizeesha miaka tisa: uzi kwa wenye tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa

Binti Tandika (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Uzi ni mrefu, mtanivumilia. Nilipokwama mimi nilitafuta mtu wa kunieleza nianzie wapi, nikaambulia "nenda kaulizie hukohuko". Kwa hiyo ninaandika yote niliyopitia, mwenye shida kama yangu asianze gizani.

Nimezaliwa tarehe 14 Oktoba 1998 hapa hapa Temeke. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivyo, cheti cha darasa la saba kinasema hivyo, na mama yangu anasema hivyo hata ukimwamsha usiku wa manane. Namba yangu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inasema 1989. Tarakimu mbili zimepishana, 98 ikawa 89, na mimi nikawa na umri wa kumzidi dada yangu mkubwa.

Ilivyotokea ni hivi. Mwaka 2019 ulikuja usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Ulianza tarehe 1 Mei, mwisho ukawekwa 31 Desemba, baadaye ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Laini haisajiliwi bila namba ya NIDA, basi jiji zima likahamia kwenye foleni. Waliokuwepo wanakumbuka: mtu anafika saa kumi alfajiri anakuta jina lake ni la mia na kitu kwenye karatasi ya daftari. Nilikuwa nimeajiriwa kuuza viatu vya watoto Kariakoo na tajiri alinipa ruhusa ya siku moja tu. Nje kulikuwa na kijana mwenye meza na kalamu, anawajazia watu fomu kwa malipo. Nikamtajia tarehe, akaandika, nikasaini. Sikusoma. Jua lilikuwa kali, nyuma yangu watu wanasukumana, nikasaini tu.

Sikuligundua kosa kwa miaka, kwa sababu kadi yenyewe sikuwahi kuifuata, nilitembea na namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Hilo sikulijua. Nimeitaja namba hiyo kwa wakala wa laini, benki, na nilipochukua TIN (namba ya mlipakodi), na kila mara nilianza kwa kutamka mwaka ambao si wangu. Tafadhali, kabla hujaendelea kusoma, fungua simu yako uangalie tarakimu zako nane za mwanzo.

Mwaka jana nikaanza biashara yangu mwenyewe. Kina mama tunaouza nao wakaniambia tuchange tusafiri pamoja Guangzhou, tukanunue mzigo wenyewe badala ya kununua kwa wenye maduka makubwa. Nikaanza maombi ya pasipoti mtandaoni, nikalipa ile shilingi 20,000 ya fomu, nikawa najiandaa na 130,000 inayobaki. Maombi yakasimama. Taarifa za NIDA zinasema 1989, cheti cha kuzaliwa nilichopakia kinasema 1998. Afisa aliyeniita alikuwa mstaarabu kabisa. Aliuliza swali moja: "Wewe ni yupi kati ya hawa wawili?"

Swali hilo liliniuma. Ukiwa na tarehe mbili, unaonekana mwongo kabla hujafungua mdomo. Wenzangu walisafiri, mimi nikabaki.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nusura linipoteze. Ushauri wa kwanza niliopewa na mtu wa karibu, tena kwa nia njema, ulikuwa: "Tafuta cheti kingine cha kuzaliwa cha 1989 kifanane na NIDA, yaishe." Nililala nao usiku mmoja ushauri huo. Asubuhi nikajiuliza, cheti cha darasa la saba je? Na cha kidato cha nne? Je, nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na sita? Ukiharibu nyaraka iliyo sahihi ili ifanane na yenye kosa, unakuwa umebeba kosa moja ukalizalisha matano, na hayo matano ni ya kwako, umeyafanya ukiwa na akili timamu. Cheti cha kuzaliwa ndicho mzizi. Kikiwa sahihi, usikiguse. Unapanda juu kurekebisha tawi.

Kwa hiyo nilianza RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ingawa cheti changu hakina kosa. Niliomba uhakiki wa cheti kupitia mfumo wa eRITA, ili nikienda kudai kwamba NIDA inafuata tarehe isiyo yangu, niwe na uthibitisho kwamba cheti nilichoshika kinatoka kwenye rejesta ya kweli. Vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu wanaujua uhakiki huu, maana Bodi ya Mikopo inaudai.

Baada ya hapo nikaenda serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, mtendaji akanigongea mhuri. Halafu ikaja kazi ya ushahidi, na hapa nataka nikae kidogo.

Mama ana sanduku la bati chini ya kitanda. Humo kuna khanga za harusi yake, hati ya kiwanja, na kadi zetu za kliniki, sote wanne. Kadi yangu imekunjamana, ina doa la mafuta, lakini inasomeka. Chanjo ya kifua kikuu nilichomwa Oktoba 1998, zinafuata zile za dondakoo, pepopunda na kifaduro, kila moja na tarehe yake, na mstari wa uzito unapanda mwezi hadi mwezi. Kilo tatu na kitu. Mtoto aliyezaliwa 1989 hawezi kuwa na kilo tatu mwaka 1998. Kadi hiyo ina nguvu kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu iliandikwa na watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kunipunguzia umri.

Tukaenda kwa wakili kufanya hati ya kiapo. Wakili alimuuliza mama ana uhakika gani na mwaka. Mama hakutaja mwaka. Alisema, "Bomu lilipolipuka pale Ubalozi wa Marekani, Ijumaa ile, nilikuwa na mimba ya huyu, ya miezi saba, nimetoka kliniki. Na siku alipotimiza mwaka mmoja nilikuwa nimebandika ubwabwa wa watoto wa jirani, redio ikatangaza Mwalimu amefariki. Ubwabwa haukuliwa. Nyumba nzima tulilia." Bomu lilikuwa tarehe 7 Agosti 1998. Mwalimu Nyerere alifariki 14 Oktoba 1999. Wakili alisema hayo mawili yaingie kwenye kiapo kama mama alivyoyataja, kwa kuwa kila Mtanzania anaweza kuyapima. Mama akashika Msahafu, akaapa, akasaini kwa herufi kubwa anazozijua.

Nimemjua mama yangu maisha yangu yote, lakini siku ile ndiyo nilijua kwamba alikuwa ananitunzia tarehe yangu.

Nikapeleka vyote ofisi ya NIDA ya wilaya: barua yangu ya maelezo ya kosa lilivyotokea, kiapo, cheti cha kuzaliwa na uhakiki wake, nakala ya kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba na barua ya mtaa. Nilibeba halisi na kopi. Tafadhali piga kopi mbili mbili ukiwa nyumbani, mjini utatoka na kurudi kwenye foleni mpaka uchoke. Nikajaza fomu ya marekebisho kwa mkono wangu mwenyewe, nikaisoma mara tatu kabla ya kuikabidhi.

Ombi limepokelewa, nimepewa stakabadhi, ninasubiri. Mrejesho nitauleta humu humu. Karibuni kwa maswali, na mwenye uzoefu aongeze.

Mwana wa Ukonga

Dada, asante sana kwa uzi. Mimi kesi yangu imegeuka. NIDA iko sawa, Machi. Cheti cha kuzaliwa ndicho kimeandikwa Mei. Kwa maelezo yako mzizi ndio mbovu. Naanzaje?

Binti Tandika

Kaka, kabla hujasema mzizi ni mbovu, kauangalie. Karatasi uliyonayo nyumbani ni nakala ya kilichoandikwa kwenye rejesta ya vizazi. Kuna makosa ya aina mbili. Inawezekana rejesta imeandikwa Machi vizuri, na aliyenakili cheti akaandika Mei. Hilo ni kosa la cheti na ni jepesi. Au rejesta yenyewe imeandikwa Mei, pengine mzee wako alitaja hivyo siku ya kusajili. Hilo ndilo linalotaka ushahidi wa nguvu na viapo. Mtu anaweza kuhangaika miezi kutafuta viapo vya kosa la pili wakati alilonalo ni la kwanza.

Nenda kwenye ofisi ya RITA ya wilaya uliyosajiliwa. Angalia kwenye cheti chako, wilaya imeandikwa. Chukua na namba ya ingizo iliyopo kwenye cheti, omba waangalie kitabu. Ukiwa umesajiliwa mkoani, anza kwa kuwaambia hivyo mapema.

Mama Pacha wa Kimara

Mimi nina mapacha, wamezaliwa siku moja, wamepishana nusu saa. Cheti cha mmoja kinasema Februari, cha mwenzake kinasema Novemba mwaka huo huo. Mwalimu wa darasa la kwanza aliniuliza mbele ya wazazi wengine kama kweli ni pacha. Niliumia sana. Jirani ameniambia nifanye dipoli. Ni kweli?

Binti Tandika

Pole sana mama, hiyo inauma, na mbele za watu tena. Dipoli siyo yako. Dipoli ni hati ya kubadili jina, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi kwa kupenda, inasahihishwa kwa ushahidi kwamba iliandikwa vibaya. Wakili akikuambia anakutengenezea dipoli ya tarehe, shika mkoba wako uondoke.

Wewe ushahidi unao mkubwa. Yale matangazo ya kizazi uliyopewa hospitali siku ya kujifungua, unayo? Hata nakala. Na kadi za kliniki za wote wawili. Mwanamke hazai Februari akazaa tena Novemba mtoto wa kilo zinazofanana na kuwaita pacha, kadi zitasema zenyewe.

Fundi Simu Ilala

Mnajisumbua wenzangu. Kuna jamaa anapatikana mjini, unampa laki mbili, ndani ya wiki kila kitu kimenyooka. Hakuna kiapo wala barua ya mtaa. Mimi sijamtumia ila nina rafiki alimtumia.

Binti Tandika

Kaka yangu, ninakuomba kwa heshima, usimpeleke mtu huko. Vishoka nimewaona, walinifuata hata mimi. Nina sababu mbili, na zote nazimaanisha.

Ya kwanza, unampa mtu usiyemjua cheti chako, namba yako ya NIDA, picha yako na sahihi yako. Kwa vitu hivyo anaweza kusajili laini, anaweza kukopa kwa jina lako. Ya pili, karatasi atakayokuletea inaweza kupendeza kuliko ya kweli, lakini siku inapoenda kuhakikiwa RITA haipo kwenye rejesta. Mnakumbuka uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma? Aprili 2017 ilitoka orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Watu waliokuwa kazini miaka mingi walitoka ofisini na mifuko ya rambo. Kishoka hakuwepo siku hiyo.

Wewe una tarehe yako ya kweli. Kwa nini uinunue?

Mwalimu wa Mbagala

Ninawasoma kwa makini. Nafundisha shule ya msingi. Kwenye mfumo wa mishahara nimeandikwa 1966, mimi ni wa 1969. Nikifuata ya mfumo, miaka 60 ya lazima imenifikia na watoto wawili bado wako chuo. Nina cheti cha kuzaliwa cha 1969 nilichokata mwaka 2010. Nimwone nani?

Binti Tandika

Shikamoo mwalimu. La kwako ni zito na mimi siyo mtu wa utumishi, sitaki nikupoteze. Kuna mtu humu amefanya kazi masijala, ninamwomba apite.

Aliyekuwa Masijala

Nimepita. Mwalimu, pole na hongera kwa kazi. Nitakueleza kama ninavyowaeleza ndugu zangu.

Utumishi wa umma unashika tarehe uliyoitoa ulipoajiriwa mara ya kwanza. Cheti ulichokata 2010, ukiwa kazini tayari, hakitaisogeza tarehe hiyo, hata kama kina ukweli. Najua inaonekana ni ukatili. Lakini nimekaa masijala, nimeona watu wanakaribia miaka 60 wanaleta vyeti vipya vya kuwapunguzia umri, wengine umri mpya unaonyesha walimaliza darasa la saba wakiwa na miaka minane. Kwa sababu yao, mlango ukafungwa kwa wote, wenye haki na wasio nayo.

Kitu kimoja tu kinaweza kukusaidia. Je, ulipoajiriwa uliandika nini? Omba kwa mwajiri wako faili lako binafsi lifunguliwe, ile fomu ya taarifa binafsi ya siku ya kwanza isomwe. Kama wewe mwenyewe uliandika 1969 na 1966 ikaingia wakati wa kuingiza taarifa kwenye mfumo, basi hauombi kubadili tarehe. Unaomba mfumo ufuate faili lako. Ni maombi mawili tofauti kabisa, usiyachanganye hata kwenye kichwa cha barua. Ambatisha vyeti vya zamani vya kabla ya ajira, cha darasa la saba hasa.

Na kama fomu ya kwanza inasema 1966, mwalimu, anza leo kupanga mafao yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hakikisha tarehe yao na ya mwajiri ni moja. Zikitofautiana, mafao ndiyo yatakayochelewa, na hapo utakuwa huna mshahara.

Mwalimu wa Mbagala

Nimekuelewa. Sikumbuki niliandika nini. Nilikuwa kijana, nilijaza haraka nikapanda basi kwenda kituoni. Kesho naandika barua.

Mjukuu wa Kigamboni

Bibi yangu hana cheti chochote. NIDA wamemwandika tarehe 1 Januari. Yeye anajua tu kwamba alikuwa ameanza kutembea siku ya Uhuru. Hii nayo ni ya kusahihisha?

Aliyekuwa Masijala

Wazee wengi wameandikwa 1 Januari kwa sababu hiyo hiyo, siku haijulikani. Siku haina shida. Angalia mwaka. Uhuru ni 9 Desemba 1961, mtoto anayeanza kutembea ana mwaka hivi, kwa hiyo 1960 ni sahihi. Kama kaandikwa karibu na hapo na nyaraka zake zote zinafanana, mwacheni bibi apumzike. Kama NIDA inasema mwaka huu na kadi ya mpiga kura inasema mwingine, hapo rekebisheni.

Mwana wa Ukonga

Wanajamvi, mrejesho. Nimetoka wilayani mchana huu. Wamefungua kitabu. Rejesta imeandikwa Machi! Kosa ni la cheti tu. Nilikuwa nimeshampa wakili hela ya viapo viwili. Dada wa Tandika, Mungu akubariki. Nimeomba cheti kipya.

Binti Tandika

Nimefurahi mpaka nimesimama hapa dukani. Kaka, cheti kipya kikitoka, usiondoke dirishani. Soma jina, soma tarehe, soma majina ya wazazi, herufi kwa herufi, mbele ya aliyekupa. Hata foleni ikinung'unika nyuma yako. Cha zamani warudishie, usikae na vyeti viwili ndani.

Mama Pacha, umeniandikia faraghani kwamba kadi za kliniki umezipata zote mbili lakini unaogopa kwenda peke yako. Alhamisi nitakuwa Posta kuanzia saa mbili asubuhi, nafuata mzigo mdogo. Panda mwendokasi kutoka Kimara, nitakusubiri kituoni, twende wote RITA. Njoo na kopi mbili mbili.